Aibu ya Bidhaa ni Amana kwa Muuzaji



Ndugu Waislamu, ni nyumba chache mno katika miji yetu zisizokuwa na kitu kilichonunuliwa baada ya kutumiwa na mtu mwingine. Jokofu la jikoni limetoka kwa jirani aliyehama, kabati limenunuliwa mnadani, nguo za watoto zimetoka katika robota la mitumba, na gari lililoegeshwa uani, kama lipo, lilitembea kwanza katika barabara za Japani kabla ya kuvuka bahari. Hakuna unyonge wowote katika hilo. Imepokewa kwa Anas bin Malik (RA) kwamba masikini mmoja katika Answari alimwendea Mtume (SAW) kuomba, na nyumbani kwake hakuwa na kitu isipokuwa nguo nzito aliyoivaa na kuitandika, pamoja na bakuli la kunywea maji. Mtume (SAW) aliagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirham moja. Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, na mwingine akatoa mbili. Dirham ya kwanza ilinunua chakula cha familia, ya pili ilinunua shoka, na mtu yule akaenda kukata kuni badala ya kuomba. Ingawa wanazuoni wana maneno juu ya sanadi ya habari hii, wengi wameitaja wanapoeleza uhalali wa mnada.

Biashara ya vitu vilivyotumika, basi, ni mlango wa riziki kwa anayeuza na ni nafuu kwa anayenunua. Lakini ina hatari ambayo biashara ya vitu vipya haina kwa kiasi hicho. Anayenunua kitu kipya na anayekiuza hukaribiana katika kukijua. Katika kitu kilichotumika muuzaji anajua na mnunuzi anakisia, na katika pengo hilo, baina ya kujua na kukisia, ndimo fedha ya halali na ya haramu zinapotengana. Leo tumependa tulitazame pengo hilo katika magari na katika vyuma chakavu, kwa kuwa ndimo familia nyingi zinapoweka akiba yao, na ndimo nyingi zinapoipoteza.

Gari linatoka wapi?

Magari mengi yanayoingia katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, na sababu yake si siri. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo usukani wa magari yao uko kulia. Aidha, sheria ya nchi hiyo inataka gari jipya la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake una gharama. Wenye magari wengi huona ni bora kuuza na kununua jingine kuliko kuendelea kulipia la zamani. Gari hilo hupelekwa mnadani, ambako mkaguzi hulipitia na kujaza karatasi maalumu. Humo huandikwa daraja la gari, kilometa lilizotembea, na mchoro wa bodi wenye alama za kila mkwaruzo, kila mbonyeo na kila kipande kilichobadilishwa. Gari lililopata ajali na kutengenezwa huwekewa daraja lake la pekee, na mita inayotiliwa shaka huandikwa kuwa inatiliwa shaka.

Tuzingatie maana ya jambo hili. Aibu za gari nyingi zilijulikana na kuandikwa kabla gari halijapakiwa melini. Kama familia ya Mbagala au Kisauni imelinunua bila kuzijua, basi aibu hizo hazikupotea baharini. Kuna mtu aliyeikunja karatasi na kuiweka mfukoni.

Njia ya pili ni ile ya Dubai na Sharjah, ambako wafanyabiashara wetu wamezoea kwenda kutafuta magari na spea. Huko hufika pia magari ya Marekani yaliyouzwa na kampuni za bima baada ya ajali au mafuriko, yakanyooshwa na kupakwa rangi. Mafuriko yenyewe yamekwisha kufika Ghuba: tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa mwaka 1949, na magari mengi yalizama hadi vioo. Gari lililolala majini huweza kukaushwa, kusafishwa viti na kunukishwa manukato, likawaka vizuri siku ya kuuzwa. Kutu ya ndani ya nyaya huja baadaye, polepole, na mara nyingi humkuta mtu barabarani usiku akiwa na watoto.

Serikali zetu zimeweka mipaka yake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi miaka 8. Hatua hizi hutazama umri wa gari, na umri si aibu iliyofichwa, kwani kila mtu anauona katika kadi. Kinachobaki kufichwa ni kile anachokijua muuzaji peke yake.

Rundo la nafaka na chuchu zilizofungwa

Jambo hili halikuanza na magari. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alimuuliza mwenye mali kuna nini, naye akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini hakuiweka nafaka ile mbichi juu watu wakaiona, kisha akatamka lile onyo zito la kumtoa mdanganyifu katika safu yake. Tazama kwamba mvua ile haikuwa kosa la mfanyabiashara. Kosa lake lilikuwa katika kupanga rundo: kavu juu, mbichi chini.

Na katika Hadithi nyingine waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alikataza kumwacha ngamia au kondoo bila kukamuliwa kwa siku kadhaa, chuchu zikajaa, ili mnunuzi adhani mnyama yule ni wa maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo amepewa hiari: akiridhika abaki naye, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokunywa. Katika mapokezi ya Muslim hiari hiyo imewekewa siku 3.

Anayerudisha nyuma mita ya gari amefunga chuchu za ngamia. Vivyo hivyo anayetia mafuta mazito katika injini iliyochoka ili isipige kelele kwa siku mbili, anayeziba taa ya onyo kwenye dashibodi, na anayepaka rangi juu ya kutu bila kuiondoa. Mbaya kuliko wote ni yule anayejua kwamba mifuko ya hewa ya kuokoa maisha ilikwisha kupasuka katika ajali, akagandisha kifuniko kitupu juu ya usukani na kunyamaza. Huyu hakuchukua fedha za mwenzake tu. Ameichezea roho yake.

Ngamia wa Wathila

Wapo watakaosema: mimi si mwenye gari, mimi ni fundi niliyeitwa kulitazama, au mimi ni dalali, kazi yangu ni kuwakutanisha watu. Jibu la kauli hiyo linapatikana katika kisa cha Swahaba Wathila bin al-Asqa (RA), kilichomo katika Musnad ya Imam Ahmad. Mtu mmoja alinunua ngamia jike aliyenona katika nyumba ya Wathila. Alipokuwa akimtoa, Wathila alimfuata kwa haraka, nguo yake ikiburura chini, akamuuliza kama ameelezwa hali ya mnyama yule. Mnunuzi alishangaa, maana alimwona ana afya. Wathila akamuuliza: alimtaka kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya safari? Akasema anataka kuhiji naye. Hapo Wathila akamfahamisha kwamba unyayo wa ngamia yule una tundu. Muuzaji alikasirika na kumlaumu kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu kwamba alimsikia Mtume (SAW) akieleza kuwa si halali kwa mtu kuuza kitu bila kubainisha kilicho ndani yake, wala si halali kwa anayejua kunyamaza. Imam Ghazali, alipokitaja kisa hiki katika Ihyaa, ameeleza kwamba bei ilikuwa dirham 300, na muuzaji akapunguza 100.

Swali la Wathila linafaa kuandikwa kwenye ukuta wa kila gereji. Gari lililovunjika chesisi laweza kuwa mali nzuri kwa anayetaka kulichinja na kuuza spea zake Gerezani, na likawa jeneza kwa anayetaka kulipeleka Tanga kila wiki. Aibu hupimwa kwa kazi ambayo kitu kinanunuliwa kuifanya. Kwa hiyo fundi anayepewa bahasha na muuzaji ili aseme injini ni safi, na dalali anayepiga simu ya uongo kwamba kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu, hawana pa kujificha. Huyo wa simu ameingia katika katazo la kupandisha bei kwa hila, ambalo wanazuoni huliita najshi. Na yule anayeongeza cha juu pasipo mwenye mali kujua, ilhali ameaminiwa kuuza kwa niaba yake, amekula asichopewa.

Tusijifanye kwamba tunawasema wengine tu. Mwaka 2016 tuliuza gari dogo la familia yetu. Giaboksi yake ilikuwa ikiteleza baada ya mwendo wa nusu saa, na tulilijua hilo kwa miezi mitatu. Fundi wetu, mtu wa kuswali, alitushauri kwa nia ya kutusaidia: “Ustadh, mwite mteja asubuhi. Giaboksi ikiwa baridi haisemi.” Tukamwita mteja asubuhi. Alikuja kijana mmoja pamoja na mama yake, mstaafu, na mama ndiye aliyekuwa na fedha. Kijana alitaka kufanya kazi ya teksi. Alilizungusha mtaani kwa dakika kumi, akarudi akitabasamu, na tukakubaliana shilingi milioni 7. Mama aliuliza swali moja tu: “Baba, gari ni zima?” Nasi tukajibu kwamba amejionea mwenyewe.

Jibu lile halikuwa uongo, na ndilo lililotunyima usingizi. Walikuwa wameacha kishika bei na kuahidi kuleta zilizobaki baada ya siku mbili. Usiku ule tulikikumbuka kisa cha Wathila, ambacho tulikuwa tumekwisha kukisomesha kwa vijana madrasa si mara moja. Asubuhi tulimpigia simu yule kijana tukamwambia: “Mwanangu, giaboksi ina ugonjwa. Likipata moto linateleza. Ukitaka kishika bei chako, njoo ukichukue.” Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema atazungumza na mama. Walikuja na fundi wao, wakaliendesha kwa saa nzima, wakapiga hesabu ya giaboksi nyingine ya mtumba, na tukapunguza shilingi 900,000. Gari walilichukua. Mama yule, alipokuwa akiondoka, hakutusifu, alitutazama tu na kusema, “Jana nilikuuliza, baba.” Maneno yale tunayo hadi leo.

Bidhaa ikiuzwa hairudishwi

Katika stakabadhi nyingi za maduka na yadi huchapwa maneno kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, au kwamba imeuzwa kama ilivyo. Wauzaji wengi hudhani kwamba maneno hayo huosha kila kitu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la kujitoa katika aibu humwokoa muuzaji mahali pamoja tu: aibu iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu wanayoitaja ni kwamba mnyama hula na kunenepa huku maradhi yakiwa ndani, na mwenyewe asitambue. Gari si mnyama. Mahanafi wamelipanua zaidi sharti hili, na mwenye kesi mahususi amwendee mwanachuoni anayemwamini. Lakini hakuna aliyehalalisha kujua na kuficha. Karatasi ya stakabadhi haiwezi kugeuza udanganyifu kuwa biashara.

Kwa upande mwingine, mnunuzi aliyegundua aibu ya tangu zamani anayo haki ya kurudisha, ila haki hiyo ina adabu yake. Anatakiwa asicheleweshe pasipo udhuru, na asiendelee kukitumia kitu kwa raha zake kisha akirudishe baada ya miezi kadhaa. Aliyeona aibu akaridhika, basi ameridhika.

Mnunuzi naye ana amana

Yapo mazungumzo mengi juu ya wauzaji wadanganyifu na machache juu ya wanunuzi. Mume anapofariki, mara nyingi huacha gari ambalo mjane hajui thamani yake. Kabla arobaini haijafika, wanaanza kupita watu: shemeji, jirani, rafiki wa marehemu. Huyu anasema gari limechoka sana, yule anasema injini imekwisha, na wote wanajua kwamba gari ni zima. Mjane anayehitaji ada ya shule huliachia kwa nusu ya bei. Walionunua kwa njia hiyo wakumbuke kwamba ndani ya gari lile mna fungu la mayatima, na Mwenyezi Mungu ameonya katika Surat an-Nisaa juu ya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, kwamba wanajaza moto matumboni mwao.

Tuna mfano bora kwa Jarir bin Abdullah al-Bajali (RA), aliyempa Mtume (SAW) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Imepokewa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona farasi, alimwendea mwenye mali akamwambia kwamba farasi wake anastahiki zaidi, akapandisha bei mwenyewe, hatua kwa hatua, hadi 800. Hatusemi kwamba kila mnunuzi atafika daraja hiyo. Tunasema kwamba kupatana bei ni halali, na kumsingizia mtu aibu isiyokuwapo katika mali yake ni uongo kama ule wa kuificha iliyopo.

Chuma kimetoka wapi?

Mwisho wa kila gari ni mizani ya skrepa. Biashara ya vyuma chakavu inalisha maelfu ya watu: kijana anayesukuma mkokoteni, mwenye ghala, mwenye kiwanda cha kuyeyusha, na fundi wa Kamukunji kule Nairobi au wa Gerezani hapa Dar es Salaam anayegeuza bati na vipande vya chuma kuwa sanduku la mwanafunzi na jiko la mkaa. Ni kazi yenye heshima, na inaondoa taka mitaani. Lakini ina maswali mawili ambayo kila mwenye ghala ataulizwa Siku ya Kiyama.

Swali la kwanza ni la mizani. Anayeleta skrepa kwa kawaida ni masikini kuliko anayenunua, na mara nyingi ni mtoto. Hana mizani yake. Anasomewa kilo na kupokea anachopewa. Surat al-Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia maangamizi wale ambao wakipimiwa hudai kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mwenye ghala anayemkata mtoto nusu kilo ya shaba leo, akakata kwa watoto ishirini, amejenga nyumba kwa nusu kilo hizo. Aidha, mtoto anayefika na mkokoteni saa nne asubuhi siku ya Jumatatu anatakiwa aulizwe shule iko wapi kabla ya kupimiwa.

Swali la pili ni la asili ya mali. Chuma kikishakatwa hakina jina. Waya wa shaba uliochomwa plastiki yake haueleweki kama ulikuwa wa nyumba iliyobomolewa au wa simu za umma, na mfuniko wa mtaro ukipigwa nyundo huwa kipande tu. Jambo hili si dogo. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za umeme wa msongo mkubwa katika njia ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka jijini Nairobi, na Kenya ikaingia gizani. Uchunguzi ulielekeza kwenye wizi wa vyuma vya nguzo hizo. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu, na zuio hilo likaondolewa mwezi Mei mwaka huo huo. Kwa miezi hiyo, wasukuma mikokoteni ambao hawajapata kugusa nguzo ya umeme walikosa chakula kwa sababu ya wachache walioiba na wengine walionunua bila kuuliza.

Kenya ilikuwa na sheria ya vyuma chakavu tangu mwaka 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Tanzania nayo ina utaratibu wa vibali kupitia NEMC. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila ghala, na taqwa inaweza. Wanazuoni wamekubaliana kwamba anayenunua mali huku akijua imeibwa ni mshirika wa mwizi katika dhambi, na mwenye mali akiikuta kwake ana haki ya kuichukua. Ama anayefumba macho makusudi ili aweze kusema kwamba hakujua, huyo ajiulize kwa nini anainunua shaba ile kwa nusu ya bei ya soko, na kwa nini inaletwa usiku.

Lipo pia suala la madhara. Betri ya gari ina risasi, na risasi ikiyeyushwa ovyo huingia katika hewa, udongo na damu za watoto. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walipata sumu hiyo kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa jirani na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama mjini humo iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Anayepasulia betri uani ili apate vipande vya kuuza, huku wanawe wakicheza pembeni, anawapa chakula kwa mkono mmoja na maradhi kwa mkono wa pili.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa kuwa Uislamu umetuamrisha kutegemea na pia kuchukua hadhari, tunazikumbusha familia mambo machache.

Kwanza, nendeni na fundi mnayemlipa ninyi, asiyemjua muuzaji. Likuteni gari likiwa baridi, kisha liendesheni mpaka lipate moto, hata kama ni saa nzima. Sisi tunajua kwa nini tunasema hivyo.

Pili, acheni mita na tazameni gari lenyewe. Raba za pedali zilizolika na usukani uliong'aa kwa mikono havilingani na kilometa 40,000. Tairi huwa na tarakimu nne pembeni zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Nyanyueni zulia na mfuniko wa tairi la akiba: tope na kutu kwenye boliti za viti ni dalili za mafuriko.

Tatu, linganisheni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari na iliyoandikwa kwenye kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza. Kama gari limetoka Japani karibuni, ombeni karatasi ya mnada.

Nne, andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi wa biashara. Zitajeni aibu za gari ndani ya mkataba, moja baada ya moja. Mnaweza pia kuwekeana sharti la hiari ya siku zisizozidi 3. Muuzaji mkweli hataogopa siku 3.

Hitimisho

Tumalizie kwa kisa cha mnyama mwingine aliyechoka. Jabir bin Abdullah (RA) alikuwa akirudi kutoka safarini pamoja na Mtume (SAW), na ngamia wake alikuwa ameishiwa nguvu kiasi cha kutaka kumwacha njiani. Mtume (SAW) alimwona, akamwombea dua, na ngamia akaenda mwendo ambao hakuwa ameuenda kabla. Kisha Mtume (SAW) akataka kumnunua, na katika baadhi ya mapokezi wakakubaliana wakia moja. Jabir akaweka sharti kwamba ampande mpaka Madina, na sharti lake likakubaliwa. Walipofika, Jabir alimpeleka ngamia. Mtume (SAW) akamlipa bei yake kamili, kisha akampa ngamia wake arudi naye.

Katika biashara ile kila kitu kilikuwa wazi: uchovu wa ngamia ulionekana, bei ilitajwa, sharti lilitimizwa, na aliyenunua aliongeza wema juu ya haki. Na katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (RA), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa. Kesho, ndugu msomaji, huenda ukasimama mbele ya mama mwenye fedha za kustaafu katika mkoba wake, naye akakuuliza kama gari ni zima. Mjibu.